Msahihishaji wa Mtaa na Mtani Wake

Ugonjwa wangu ulikuwepo tangu shuleni, ila ulikosa mahali pa kutokea mpaka niliponunua simu ya tachi na mtaa wetu wa Kasingirima ukafungua kundi la kutumiana ujumbe. Kundi lenyewe lilianzishwa kwa nia njema kabisa. Ilikuwa miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakishuka ziwani kwa maboti, uwanja wa mpira wa mjini umejaa familia zilizokalia mabunda yao, na sisi wa Ujiji tukaona aibu kuwapita tu na kusema pole. Jirani mmoja akaandika kwamba mwenye sufuria, khanga au brangeti la ziada apeleke kwa mjumbe. Na mimi, badala ya kujibu kwamba ninalo au sinalo, nikaweka kinyota kimoja na neno moja: *blanketi.

Blanketi nililitoa pia, lakini baadaye.

Hicho kinyota nikieleze. Kwenye simu, mtu akikosea herufi huweka kinyota, kisha huandika neno lilivyotakiwa kuwa. Watu wenye adabu hukitumia kujirekebisha wenyewe. Mimi nilikigeuza kikawa cha kurekebishia wenzangu. Nilikuwa na duka la steshenari kwenye barabara ya kwenda mwaloni wanakoshusha samaki, pale natoa kopi, nachapa, nalaminisha na kutengeneza kadi za harusi, na siku nzima macho yangu yanawinda herufi zilizokaa vibaya. Jioni nilishindwa kuyafunga. Nilijiambia ni mzaha, na ili kila mtu ajue ni mzaha nikawa naongeza kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Baadaye sana niliambiwa kwamba kinyota watu walikivumilia, ila kile kikatuni ndicho kilichowachoma.

Na kazi ilikuwepo. Kwetu herufi r na l hukaa nyumba moja bila kugombana, na mimi ndiye niliyejituma kwenda kuziachanisha. Mama yangu mzazi, Muha wa Kasulu, mpaka leo huniuliza mimi bintiye kama nimekura. Yeye sikumgusa, maana hakuwa na simu ya tachi na mkono wake ulikuwa mwepesi. Wengine wote walipata. Mzee mmoja alitangaza kwamba mbuzi wake amepotea na mara ya mwisho alionekana jarara ra soko. Nikamwekea: *jalala la soko. Mbuzi yule nilikuwa nimemwona asubuhi ileile kwa macho yangu, anatafuna boksi nyuma ya duka langu. Nilikumbuka kesho yake, mbuzi akiwa ameshachoka kupotea na kurudi mwenyewe.

Taratibu watu wakaacha kuandika. Waliokuwa na salio walituma sauti, kundi likawa kama redio, mara kikohozi, mara jogoo, mara mtu anamgombeza mtoto katikati ya tangazo la kikao cha maji. Mimi nikalalamika kwamba vijana wamekuwa wavivu wa kuandika. Nililalamika kwa maandishi, aya tatu, kila koma mahali pake.

Ndipo akaingizwa kundini muuza mawese.

Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa ng'ambo, Kongo, upande wa Fizi. Alivuka ziwa katika vita vya huko vya mwanzo, mtoto mgongoni, akaolewa hapahapa na mtu wa zile familia za Kikongo za ufukweni, akaimba kwaya kanisani na kuuza mawese kwa dumu na kwa chupa karibu na soko. Nilikuwa namfahamu kwa sura na kwa mawese. Ujumbe wake wa kwanza kundini ulisema: "Yambo bote. Niko na mawese muzuri, mutu mwenye anataka aniite."

Nilifanya sherehe. Nilimwekea vinyota mstari mzima, neno kwa neno, na kikatuni mwishoni. Baadhi walinitumia ujumbe pembeni kwamba safari hii nimezidisha, yule mama si mtu wa kuchezewa, aliwahi kumfukuza mtu wa ushuru kwa mwiko. Nikajibu kwamba elimu haina adui. Nilikuwa nasema mambo ya namna hiyo, na hakuna aliyeniwekea kinyota.

Asubuhi nilipofungua duka alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Nikamwamkia shikamoo upesi upesi. Hakuitikia. Aliingia, akatazama rafu zangu pole pole, akachukua boksi la kalamu pale juu ya meza, akalitia kikapuni. Kisha akatabasamu.

"Kumbe weye uko mutani wangu," akasema. "Juu ya nini hukusema?"

Nilihitaji muda kumwelewa. Kwao, na ukweli kwetu pia, mtu mzima hamfanyii mzaha mtu mzima mwenzake mbele ya watu isipokuwa ni mtani wake. Alikuwa amekaa na vile vinyota usiku, akavipima. Ama nilikuwa nimemtukana, na hapo angekuja na mwiko. Ama nilikuwa mtani wake, na hapo alikuwa na haki zake. Kwa wema wake alichagua la pili. Na mtani ana haki ya kuchukua kitu chako bila kuomba, akuzomee kwenye harusi ya ndugu yako, akusimange sokoni, na wewe ucheke. Ana kazi yake pia msibani, lakini hiyo siku ile haikunijia akilini. Nilikuwa naangalia kalamu zangu.

Nikamwambia kwa heshima kwamba kati ya watu wa kwao na watu wa kwetu sijasikia utani. Akasema basi twende tukaulize. Wazee wa pale kwenye baraza ya msikiti walisema utani haununuliwi dukani, hutoka kwa mababu. Mmoja wao akaniangalia na kunikumbusha kwamba babu wa babu yangu mimi, upande wa baba, alivuka ziwa hilohilo kutoka hukohuko, na kwamba ukiondoa waliovuka, Ujiji itabaki na mbuzi. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Muuza mawese akasema hayo yote hayamhusu, utani umeshaanza, kalamu ameshachukua, na shikamoo zangu nizipeleke kwa wasio watani wangu.

Hivyo ndivyo nilivyopata mtani, kwa kujitakia.

Alinila vizuri. Alichukua gundi, madaftari ya wanawe, kalenda, na mara moja kiti. Alipoandika kundini "leo niko na sombe" nikamwekea *kisamvu, adhuhuri akaniletea sahani dukani, mboga imepikwa kwa mawese na samaki mkavu, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Akaniuliza kama hicho ni kisamvu. Nikasema kwa kweli si kisamvu. Akaenda zake. Nilifuta kinyota changu, na hicho ndicho cha kwanza na cha mwisho nilichowahi kukifuta.

Kwake umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo simu aliichaji kwangu, na hapo ndipo nilipofahamiana na mama yake.

Mama yake alibaki ng'ambo, kijijini, juu mlimani. Mara mojamoja alishuka na mjukuu wake mpaka mahali penye mtandao, mjukuu akashika simu na kurekodi sauti ya kumtumia binti yake huku Ujiji. Shida ni kwamba yule bibi hakuwahi kukubali kwamba anarekodiwa. Kwake simu ilikuwa simu, na mtu akipiga simu upande wa pili kuna mtu. Sauti ikifunguka ilikuwa ni, "Allo, allo. Mutoto wangu, uko unanisikia?" Kisha kimya. Unasikia kuku, unasikia upepo, unasikia mjukuu anamnong'oneza bibi aendelee, na bibi anamwambia nyamaza, sijajibiwa. Akikaa kiasi anachoona kinatosha mtu kujibu, anasema, "Eeh. Bizuri." Halafu: "Umekula?" Kimya tena. "Eeh. Umekula nini?" Kimya. Nusu nzima ya sauti zake ilikuwa kimya.

Mtani wangu alisikiliza ameishika simu kwa mikono miwili, anacheka kwa tumbo, machozi yanatoka. Hakujibu kamwe zile nafasi. Utaijibuje sauti iliyorekodiwa juzi? Akimaliza alirekodi ya kwake, ndefu, ya haraka, kuhusu bei na watoto na kwaya.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nahesabu makosa. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikachukua simu na kumrekodia bibi wa watu kwamba shikamoo bibi, mimi ni mtani wa binti yako, na neno ni vizuri, si bizuri. Majibu yalichelewa, kwa sababu mlima ulikuwa mrefu. Yalipofika duka lilikuwa limejaa wateja. "Allo, allo. Mutani wa mutoto wangu, uko unanisikia?" Kimya. "Sema tena ile neno." Kimya kirefu, duka zima linaniangalia. "Eeh," akasema bibi. "Sijasikia."

Wateja walicheka mpaka mmoja akasahau kopi zake. Nilicheka pia. Sijui kama niliwahi kupigwa chini na mtu wa mbali namna ile. Boti iliyofuata ilileta furushi, kitenge cha rangi ya majani kwa binti, na kwangu mimi kwanga, muhogo uliosagwa na kufungwa kwenye majani, na maagizo kwamba nile nipate sauti.

Kisha risasi zikaanza tena upande ule. Habari ilifika kwa simu ileile, lakini safari hii ilikuwa sauti ya mjukuu peke yake, na haikuanza na allo. Bibi aliugua wakati watu wanakimbia, akafariki njiani, akazikwa siku ileile mahali walipokuwa. Mjukuu alipataja mahali penyewe, lakini mtani wangu alisema hapajui.

Maboti ya kwenda huko yalikuwa yamesimama. Hata yangekwenda asingepanda, maana karatasi zake za kukaa huku zilikuwa na maswali hayajaisha, na akivuka hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba ataruhusiwa kurudi kwa wanawe. Kwa hiyo akakaa mkekani nyumbani kwake. Wanakwaya wakaja, majirani wakaleta kuni na unga, matanga yakawekwa, bila maiti na bila kaburi. Ukiondoa wanawe, hakuwa na ndugu wa damu Ujiji nzima wa kukaa naye upande wa wafiwa.

Nilifanya nilichokuwa najua kufanya, yaani niliandika. Niliketi dukani nikatunga pole ya kundi, nikaifuta, nikaitunga upya, majonzi makubwa, kipindi hiki kigumu, Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema, koma zote ndani. Mwishoni, kwa mazoea ya kazi, mkono ukaweka mstari wa duka: kwa kopi, kuchapa na kulaminisha, karibuni. Nikaituma bila kuuona. Mimi, mwenye macho haya.

Pole zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa yangu pia, imetumwa na mwenye mbuzi. Ya tatu, ya nne, na zilizofuata, zote zilikuwa zangu. Watu walikuwa wanaigandishia kidole, wanainakili na kuituma ilivyo. Mama mmoja anayeanika dagaa kule ufukweni Katonga alimpa pole mfiwa na kumkaribisha kulaminisha. Mjumbe wa mtaa pia alikuwa analaminisha. Nilianza kucheka, peke yangu pale dukani, kisha nikaelewa kwa nini wamefanya vile, na kicheko kikakwama. Hakuna aliyetaka kuwekewa kinyota msibani. Mtaa mzima ulimfahamu yule mama, umekula mawese yake miaka, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia neno lake mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwemo kundini. Nilijichukia. Sikujua la kufanya na kujichukia kwenyewe, nikapanga karatasi.

Mume wake akaja dukani alasiri. Alikuwa mtu mpole, mvuvi, hana maneno mengi. Nikamwamkia, nikampa pole kwa mdomo. Akasema mke wake anakaa tu pale mkekani, halii, hasemi, hali. Wanakwaya wameimba mpaka wamechoka. Kitu pekee alichouliza ni mtani wake atakuja lini.

Nikasema nilituma ujumbe.

"Ameuona," akasema. "Tumeuona wote."

Sasa nieleze ile kazi ya mtani msibani ambayo nilikuwa sijaifikiria. Babu yangu alipofariki nilikuwa msichana, na nakumbuka mtani wake, Mnyamwezi, alikuja amevaa koti la marehemu, ameshika bakora yake, anatembea kwa kuchechemea vilevile na kukohoa vilevile, anawagombeza wafiwa kwa sauti ya babu kwamba mbona ugali hauivi. Bibi yangu alicheka, kisha akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkaa tangu asubuhi. Hiyo ndiyo kazi. Haina maandishi. Inataka mtu asiyeona aibu kujifanya mjinga mbele ya watu, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimeyapanga nisionekane mjinga hata kwa herufi moja. Niliogopa kiasi kwamba nilifunga duka, nikalifungua, nikalifunga tena.

Nilipofika wanawake walikuwa wamekaa ndani kwenye mikeka, wamebanana, na yeye pembeni ya ukuta, macho sakafuni. Nikambana binti yake mkubwa uani, nikamwomba kile kitenge cha rangi ya majani kilichotoka kwa bibi. Nikajifunga, nusu nikajitanda kichwani, nikainama mgongo, nikaingia.

"Haloo," nikasema. "Mwanangu mpenzi, je, wanisikia?"

Naona aibu hata kuandika. Ilikuwa ni sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari aliyejitanda kitenge. Mwanakwaya mmoja alikohoa. Mwingine aliangalia dari. Nikarudia, kwa ufasaha zaidi. Nilikuwa nafikiria mlango ulipo.

Mtani wangu akainua uso.

"Mama hapana sema vile," akasema.

Sauti yake ilikuwa imekauka, imekaa bila kutumika. Nikamuuliza, basi anasemaje? Akasema ya kwanza ni allo. Nikasema halo. Akasema hapana, allo. Nikasema allo. Akasema mara mbili, na mudomo ufunguke. Mwanakwaya aliyekohoa akaongeza kwamba bibi wa kule hasemi mwanangu, anasema mutoto wangu. Mwingine akasema mgongo nao haujainama vizuri, wanawake wa mlimani wanabeba mizigo kichwani, hawainami hivyo. Wakaanza wote. Kila nikifungua kinywa nakosea, kila nikikosea narekebishwa, na hakuna aliyenionea huruma. Mwenye kuongoza alikuwa yeye, ananyoosha kidole, anarudisha neno mpaka likae. Alinieleza mama yake alivyokuwa anashika kitambaa kiunoni akisema na simu. Alinieleza kwamba hakupenda kuitwa bibi. Maneno yalikuwa yanamtoka sasa, ya mama yake, moja baada ya jingine, huku ananigombeza.

Mwishowe nikapata. "Allo, allo. Mutoto wangu, uko unanisikia?" Nikaona nimefaulu, na kwa furaha ya kufaulu nikaunganisha hapohapo, "Eeh, bizuri, umekula?"

Akainua mkono.

"Pale ananyamazaka," akasema. "Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilisimama nimejifunga kitenge cha mtu niliyekuwa sijawahi kumwona, na watu wote wananiangalia. Nje kifuniko cha sufuria kilianguka na kuviringika uani. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema, kurekebisha, kuongeza, na nikajibana. Yeye alikuwa ananitazama, au anakitazama kitenge, sijui. Kimya kikazidi kile ambacho bibi angevumilia.

"Niko nakusikia, mama," akasema.

Na hapo ndipo alipolia, kwa nguvu, kichwa chini, na waliokuwa karibu naye wakamshika. Mimi sikumshika. Nilikuwa bado na kazi.

"Eeh," nikasema. "Bizuri." Hakuna aliyenirekebisha. "Umekula?"

Nikanyamaza tena, kama nilivyofundishwa.

"Hapana, mama," akasema, na binti yake akainuka kwenda kupakua ugali.